Kuchagua Kitambaa cha Shela ya Arusi

Katika mji wa Nakuru na mashamba yaliyo karibu nao, toka Njoro na Molo hata Gilgil, jamaa wengi hupanga arusi mara mavuno yakiisha kuuzwa. Gauni hupimwa mapema. Lakini shela hununuliwa mwisho, kwa haraka, na mara nyingi kwa bei isiyolingana na ubora wake. Yafaa basi wazazi na vijana wavijue vitambaa kabla ya kufungua mkoba.

Shela nyeupe ya kanisani ilitoka ng'ambo. Desturi ya bibi arusi kuvaa nyeupe ilienea sana baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa mwaka 1840. Lakini kumfunika mwari si jambo geni kwetu: katika sherehe za mahari za Wakikuyu wasichana hufunikwa leso, na bwana arusi hutakiwa amtambue mchumba wake miongoni mwao.

Kitambaa kitumikacho zaidi ni neti laini iitwayo tuli, kwa jina la mji wa Tulle katika Ufaransa. Ya hariri huanguka vizuri mabegani, ila ni ghali na huchanika upesi. Ya nailoni ni rahisi, nayo husimama na kutanuka. Lesi ni nzuri lakini nzito. Afadhali itiwe pindoni tu. Oganza hung'aa, lakini hushika mikunjo.

Hali ya nchi pia iangaliwe. Jina la Nakuru husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lihusulo vumbi, na kila mwenyeji aujuaye upepo wa Januari na Februari hatalikana. Katika hewa kavu nailoni huvuta vumbi na kugandama na gauni. Kwa hiyo shela ya kiangazi isiburuze chini. Yatosha ifike kwenye ncha za vidole.

Ufikapo dukani, usichague kwa mwanga wa taa. Chukua kipande cha gauni, uombe ruhusa ya kuvilinganisha mlangoni penye jua, kwa maana weupe wa chokaa si weupe wa maziwa. Fumbata neti mkononi, kisha uiachie: ikibaki na makunyanzi, itakuwa hivyo hivyo kanisani. Uliza upana wake pia. Neti ya arusi yenye upana wa inchi 108, yaani karibu mita 2.7, haihitaji mshono katikati. Nyembamba itaungwa, na mshono utaonekana. Urefu upimwe toka utosini. Pasi iwe ya vuguvugu, kwani moto mkali huyeyusha nailoni.

Mwisho, shela huvaliwa saa chache tu. Neti ya kiasi, iliyokatwa na fundi hodari, yapendeza kuliko lesi ya mkopo ambayo deni lake litalipwa kwa fedha za karo au za mbegu za msimu ujao. Wala si aibu kuazima ya dada aliyetangulia kuolewa. Bwana na bibi wasianze nyumba yao wakidaiwa na mwenye duka.