Pranayama

Pranayama ni zoezi la kuongoza pumzi kwa makusudi, nalo ni sehemu mojawapo ya yoga. Anayelifanya hupanga muda wa kuvuta hewa, wa kuitoa na pengine wa kuizuia, huku akifuatilia kwa makini hali ya mwili na mawazo yake. Lilianza Uhindi, na leo linafundishwa katika nchi nyingi kwa ajili ya afya na utulivu, hata kwa watu wasiofuata dini ya Uhindu.

Jina

Katika lugha ya Kisanskrit prana ni pumzi na pia uhai. Sehemu ya pili ya jina hufasiriwa ama kama yama (kuzuia) ama ayama (kurefusha). Kiswahili nacho kina uhusiano wa aina hiyo: pumzi, kupumua na kupumzika ni maneno ya shina moja.

Historia

Yoga Sutra za Patanjali, zilizotungwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, zinataja viungo vinane vya yoga. Asana, yaani mkao wa mwili, ni cha tatu. Pranayama ni cha nne. Katika karne ya 15 Svatmarama aliandika Hatha Yoga Pradipika, ambayo sura yake ya pili inahusu pumzi. Humo pumzi inafananishwa na mnyama mkali wa porini: hufugwa polepole, la sivyo humdhuru anayemfuga.

Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama huko Lonavla ili kuchunguza yoga kwa njia za kisayansi. B. K. S. Iyengar (1918–2014), mwanafunzi wa Tirumalai Krishnamacharya, alitoa kitabu Light on Pranayama mwaka 1981. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga.

Aina

- Ujjayi: koo hubanwa kidogo, hewa ikapita kwa sauti ya chini kama ya mawimbi.
- Nadi shodhana: tundu za pua huzibwa kwa vidole kwa zamu.
- Bhramari: hewa hutolewa kwa mvumo kama wa nyuki, mdomo ukiwa umefungwa.
- Kapalabhati: hewa hutolewa kwa nguvu na haraka kwa kukaza tumbo. Vitabu vya zamani huihesabu kati ya njia za kusafisha mwili, lakini siku hizi hufundishwa pamoja na pranayama.

Athari mwilini

Kupumua hujiendesha kwenyewe, hata usingizini, lakini tofauti na usagaji wa chakula, mtu anaweza kukuongoza apendapo. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akipunguza hadi mara 6 hivi, na kurefusha utoaji wa hewa, neva ya vagus huchangia kupunguza kasi ya moyo. Tafiti zinaonyesha kwamba kupumua polepole kunaweza kushusha kidogo shinikizo la damu na kupunguza wasiwasi. Faida hiyo haitokani na kuongeza oksijeni, kwa kuwa damu ya mtu mwenye afya huwa tayari imejaa oksijeni karibu kabisa.

Aliyezoea kufuatilia pumzi hutambua mapema inapokuwa fupi kwa hasira au hofu, akapata nafasi ya kutulia kabla ya kusema au kutenda.

Tahadhari

Kupumua haraka kwa muda hupunguza dioksidi kabonia katika damu. Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, na mtu huona kizunguzungu au ganzi vidoleni. Hamu ya kuvuta hewa huletwa hasa na gesi hiyo. Kwa hiyo anayepumua haraka kisha akapiga mbizi anaweza kuzimia kabla ya kuhisi haja ya hewa, akafa maji. Mazoezi haya hayafanywi majini wala kabla ya kuogelea.

Wajawazito, na wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la juu la damu au kifafa, hushauriwa kuepuka kapalabhati na kuzuia pumzi kwa muda mrefu. Pranayama haichukui nafasi ya dawa. Mwenye pumu huendelea kutumia dawa zake kama alivyoelekezwa na daktari.

Ufundishaji

Kwa kawaida mwanafunzi huanza kwa kulala chali, mkono mmoja tumboni, akitazama pumzi bila kuibadilisha. Kisha huhesabu, kwa mfano nne akivuta na sita akitoa. Kuzuia pumzi hufuata baadaye, baada ya mazoezi ya muda mrefu. Zoezi hufanywa tumbo likiwa halina chakula kingi, na anayeishiwa hewa hurudi mara moja kwenye pumzi ya kawaida.

Baadhi ya watu waliopatwa na mambo ya kutisha huzidi kuwa na hofu wanapotazama pumzi zao. Mwalimu mzuri huwaruhusu kufumbua macho, kusimama au kuacha, wala hamshindanishi mwanafunzi na mwenzake.

Nchini Kenya, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2007, huwaandaa vijana kuwa walimu wa yoga.