Mzee Maruge: Funzo kwa wenye malengo makuu

WENGI huweka malengo makubwa maishani, lakini ni wachache wanaoyafuata hadi mwisho. Mara nyingi kinachowatenganisha hawa na wale si kipawa wala mali, bali ni kiwango cha kujitolea. Maisha ya marehemu Kimani Maruge yanalidhihirisha jambo hili.

Mnamo Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali kuanzisha elimu ya msingi bila malipo, mzee huyo aliyekuwa na umri wa miaka 84 alijiunga na Darasa la Kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduywo, mjini Eldoret. Rekodi za dunia za Guinness zilimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuanza shule ya msingi.

Jambo la kwanza lililomsaidia ni kuwa na lengo lenye sababu. Mzee Maruge, aliyepigania uhuru katika vita vya Mau Mau, hakutaka elimu kwa ajili ya kujisifu tu. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe na kujua kuhesabu pesa zake. Lengo la aina hiyo humwongoza mtu hata hamu inapopungua, kwa sababu anajua wazi anachokosa akikata tamaa.

Pili, alikubali kulipa gharama yake. Katika jamii ambayo mzee huketi na wazee wenzake, yeye alivaa kaptura, sweta na soksi ndefu za shule, akaketi pamoja na watoto wa rika la wajukuu zake. Aliyejitolea nusunusu huogopa kuchekwa. Aliyejitolea kikamilifu huwa ameshaamua kwamba kicheko cha watu ni sehemu ya nauli ya safari.

Tatu, aliligawa lengo lake katika kazi ya kila siku. Kusoma Biblia nzima ni mlima kwa asiyejua herufi. Kujifunza herufi chache leo si mlima. Haba na haba hujaza kibaba. Bidii hiyo ilimfanya achaguliwe kuwa kiranja mkuu mnamo 2005, na Septemba mwaka huo alisafiri hadi New York, Marekani, kuwahutubia viongozi katika Umoja wa Mataifa kuhusu umuhimu wa elimu ya msingi bila malipo.

Hata hivyo, mtihani wake mkubwa ulikuwa bado mbele. Ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 zilimpokonya mali yake na kumtupa katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Aliwazia kuacha masomo, lakini akaendelea kufika darasani kutoka kambini, umbali wa kilomita nne hivi. Alipohamia makao ya wazee jijini Nairobi mnamo Juni 2008, alijisajili upya katika Darasa la Sita, Shule ya Msingi ya Marura, mtaani Kariobangi.

Hapa ndipo maana ya kujitolea inapoonekana. Kujitolea hakumaanishi kutowahi kuyumba. Ni kurejea kila unapoyumbishwa, hata ikibidi kubadilisha shule, mji na mipango.

Mzee Maruge alifariki Agosti 14, 2009, kutokana na saratani ya tumbo, kabla ya kufanya mtihani wa Darasa la Nane. Je, alishindwa? Anayepima kwa cheti atasema ndiyo. Lakini yeye hakwenda shuleni kutafuta cheti.

Nyayo zake hazikufutika. Bi Priscilla Sitienei, mkunga wa jadi kutoka Ndalat, Nandi, naye aliingia darasani akiwa na zaidi ya miaka 80, akasoma shule moja na vitukuu vyake. Miongoni mwa sababu zake ni kutaka kuyaandika maarifa ya ukunga ili yasipotee. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, akiwa bado mwanafunzi.

Kwa hivyo, mwenye lengo kuu na ajiulize maswali matatu kabla ya kuanza: Ninalitakia nini? Niko tayari kupoteza nini? Leo nitafanya lipi? Asiye na jibu la swali la tatu bado hajaanza safari.