Taa ya Baiskeli Mchana: Kazi Yake na Namna ya Kuichagua

Mwendesha baiskeli anayepeleka maziwa mjini huondoka kwake alfajiri na kurejea jua likiwa limekwishapanda. Taa yake, kama anayo, huizima mara tu kunapopambazuka, kwa kuwa amezoea kuiona taa kuwa chombo cha giza. Mazoea hayo yangekuwa sahihi iwapo kazi ya taa ingekuwa kumwonesha yeye njia tu. Taa ina kazi ya pili, nayo ni kuwaonesha wengine kwamba yeye yuko barabarani. Kazi hiyo haikomi jua linapochomoza.

Makala hii inaeleza kwa nini taa inaweza kumsaidia mwendesha baiskeli mchana, ni taa ya namna gani inayofaa kwa kazi hiyo, na mambo ambayo mlaji anapaswa kuyachunguza kabla ya kutoa fedha yake.

Kwa nini mtu asionekane mchana kweupe

Mwanga peke yake hautoshi kumfanya mtu aonekane. Jicho hukitambua kitu kwa sababu kinatofautiana na mandhari yaliyokizunguka. Baiskeli ikitazamwa kutoka nyuma ni nyembamba, na nguo ya rangi ya udongo hupotea kwa urahisi mbele ya vumbi, nyasi kavu au ukuta wa matofali. Katika miji kama Tabora, ambako miembe hutanda kivuli juu ya barabara, dereva anayetoka kwenye jua kali na kuingia kivulini huhitaji muda mfupi ili macho yake yazoee. Katika muda huo, aliye kivulini huweza kukosa kuonekana kabisa. Mvua za masika na kioo cha gari chenye vumbi huongeza ugumu huo.

Hesabu ndogo inaonesha uzito wa jambo hili. Basi likienda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa nyuma ya baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa, umbali kati yao hupungua kwa takriban mita 18 kila sekunde. Dereva akimtambua mwendesha baiskeli akiwa umbali wa mita 50, ana muda usiofika sekunde 3 wa kuamua na kutenda. Akimtambua akiwa umbali wa mita 200, ana sekunde 11. Faida ya taa ya mchana imo katika tofauti ya sekunde hizo.

Baadhi ya walaji hudhani kwamba riflekta iliyokuja na baiskeli inatosha. Riflekta haina mwanga wake yenyewe. Hurudisha tu mwanga wa taa za gari kwa dereva aliyeumulika. Usiku ni kifaa cha thamani kubwa na haipaswi kung'olewa. Mchana, gari likiwa halijawasha taa, riflekta haina mwanga wa kurudisha kwa dereva huyo.

Ushahidi uliopo

Katika mji wa Odense nchini Denmark, mwaka 2004 na 2005, watafiti waliwafuatilia waendesha baiskeli 3,845 kwa muda wa mwaka mmoja. Baadhi yao walifungiwa taa zinazowaka wakati wote baiskeli inapotembea, usiku na mchana. Wengine waliendelea kama kawaida. Ajali zilizosababisha majeraha zilikuwa pungufu kwa asilimia 19 miongoni mwa waliofungiwa taa.

Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Washiriki waliripoti ajali zao wenyewe, na mwanga wa mchana wa Denmark, hasa wakati wa baridi, ni hafifu kuliko wa nchi zilizo karibu na Ikweta. Hata hivyo, yanaafikiana na uzoefu wa magari: Sweden ilianza kuwataka madereva wawashe taa mchana mwaka 1977, na tangu Februari 2011 aina mpya za magari madogo katika Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa na taa maalumu za mchana.

Namba kubwa kwenye boksi isikudanganye

Maboksi mengi ya taa hutangaza idadi ya lumeni. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa kwenda pande zote. Kwa kazi ya mchana, swali muhimu zaidi ni kiasi cha mwanga huo kinachofika kwenye jicho la dereva aliye mbali. Jua la adhuhuri lina nguvu kubwa, na taa inayotawanya mwanga wake ovyo humezwa nalo. Taa yenye lumeni chache lakini yenye lenzi inayoukusanya mwanga na kuuelekeza upande mmoja inaweza kuonekana mbali kuliko taa yenye namba kubwa isiyo na lenzi ya maana.

Kwa sababu hiyo mlaji anashauriwa kuijaribu taa juani, si ndani ya duka lenye kivuli ambako kila taa huonekana kali. Mwombe muuzaji aiwashe na kuishika nje, kisha tembea hatua 100 na ugeuke. Iwapo huioni wazi kutoka hapo, dereva naye hataiona. Jaribu pia kusogea hatua chache kushoto na kulia. Taa inayopotea ukisogea kidogo tu haitakusaidia barabara inapopinda.

Taa za dainamo inayosuguana na tairi, ambazo wengi wamezirithi pamoja na baiskeli zenyewe, zina sifa ya kutohitaji betri. Udhaifu wake ni kwamba hufifia mwendo unapopungua na huzimika baiskeli inaposimama, na balbu zake za zamani ni vigumu kuonekana juani. Anayetegemea dainamo kwa usiku anaweza kuendelea nayo, lakini kwa mchana atahitaji taa ndogo ya LED upande wa nyuma.

Rangi na namna ya kuwaka

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iweze kuonesha mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma. Utaratibu huo una maana. Rangi humwambia dereva kama baiskeli inakuja au inakwenda. Taa za mapambo za rangi ya buluu, kijani au mchanganyiko zinapendeza macho lakini zinavuruga ujumbe huo, na buluu huweza kudhaniwa kuwa ni gari la dharura.

Taa nyingi za kisasa huwaka kwa namna mbili: mfululizo, au kwa kuwaka na kuzima. Mwanga wa kuwaka na kuzima huvuta macho haraka na hutumia betri kidogo. Mwanga wa mfululizo humsaidia dereva kukadiria umbali na mwelekeo wa baiskeli. Nchi hazikubaliani katika jambo hili. Uingereza imeruhusu taa za baiskeli za kuwaka na kuzima tangu 2005, ilhali Ujerumani haiziruhusu kwenye baiskeli. Ushauri unaofaa kwa matumizi ya kawaida ni huu: mchana tumia kuwaka na kuzima kwa mwendo wa wastani, jioni na usiku tumia mwanga wa mfululizo. Taa kali ya mchana ikiachwa hivyo usiku humpofusha anayekuja mbele, na aliyepofushwa hawezi kukukwepa.

Mzigo unaoficha taa

Hili ndilo kosa linalopoteza fedha ya mlaji kuliko yote. Taa ya nyuma hufungwa chini ya tandiko au kwenye madigadi, kisha gunia la mkaa, kreti za soda au madumu ya maji hupakiwa kwenye keria. Kuanzia hapo taa inaumulika mzigo, si barabara. Kwa watu wengi wa Shinyanga, Tabora na Tanga, baiskeli ni chombo cha kazi, na safari yenye mzigo ndiyo safari ya kawaida.

Kabla ya kununua, fikiria mahali ambapo taa itakaa ukiwa umepakia. Taa yenye klipu au mkanda wa mpira inaweza kuhamishiwa nyuma kabisa ya mzigo. Ikiwa mzigo wako ni wa aina moja kila siku, fundi anaweza kuchomelea kipande cha chuma mwishoni mwa keria ili taa ikae juu yake daima. Hakikisha inatazama nyuma moja kwa moja, sambamba na ardhi. Taa iliyoinama hata kidogo hupeleka mwanga wake kwenye lami. Kagua tena baada ya kupakia, na futa lenzi kwa kitambaa, kwa kuwa vumbi hupunguza mwanga kimyakimya.

Betri, maji na usalama wa watoto

Saa za matumizi zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za mwanga hafifu kabisa. Siku ya kwanza, chaji taa ijae, iwashe kwa namna utakayoitumia, na uhesabu saa hadi izimike. Taa isiyomaliza safari yako ya kwenda na kurudi haikufai, hata kama bei yake ni nafuu.

Kuhusu maji, tafuta alama inayoanza na herufi IPX. IPX4 humaanisha kwamba taa inastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, na inatosha kwa mvua ya kawaida. IPX7 humaanisha kwamba inaweza kuzamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. Funika vizuri tundu la kuchajia, na usiiache taa juani ikiwa inachajiwa.

Baadhi ya taa ndogo hutumia betri bapa mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake kwa ndani katika muda wa saa mbili. Chagua taa ambayo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Mtoto akishukiwa kumeza betri, apelekwe hospitali mara moja, wala asilazimishwe kutapika.

Mipaka ya taa

Taa haibadilishi sheria za barabarani wala haimlazimishi dereva kutazama. Kuna saa ambazo haisaidii sana. Jua linapokuwa chini, kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi na kuelekea saa 12 jioni, dereva anayelielekea huona mng'ao mtupu. Mwendesha baiskeli aliye kati ya dereva huyo na jua hataokolewa na taa yoyote. Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: kivuli chako kikianguka nyuma yako, anayekufuata analitazama jua. Wakati huo sogea pembeni kabisa, punguza mwendo, na inapowezekana tumia njia nyingine. Nguo ya rangi ya chungwa au manjano inayong'aa inasaidia mchana, na hugharimu kidogo.

Ukiuziwa taa mbovu

Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na aina ya bidhaa, na utunze boksi. Taa ikishindwa kufanya kazi iliyotangazwa, anza kwa kuirudisha kwa muuzaji ukiwa na risiti hiyo. Usiporidhika, malalamiko kuhusu ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, na yanayohusu bidhaa bandia au matangazo ya uongo hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mlaji asiyeweza kununua taa mbili kwa mara moja anashauriwa kuanza na ya nyuma kwa safari za mchana, kwa kuwa huko ndiko asikoweza kuona kinachomjia. Aifunge mahali ambapo mzigo hautaificha, na asiizime kunapokucha.