Bibi Titi Mohamed: kutoka ngoma ya lelemama hadi bungeni

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaoshuka bandarini Dar es Salaam kwenda Kariakoo hukatiza Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Vijana wengi wanaijua barabara, lakini mwenye jina hawamjui. Ni vyema tumjue, maana ni mama wa Kiislamu aliyetangulia kufungua mlango ambao mabinti zetu wanaupita leo.

Bi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo, lakini mjini alijulikana kwa sauti yake, kwani alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha lelemama. TANU ilipotafuta wanawake mwaka 1955, mumewe alikwishachukua kadi, naye akachukua yake, namba 16. Akawaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kila kiongozi akazungumza na wenzake. Mwaka haujakwisha, wanawake takriban 5,000 walikuwa wamejiunga. Kazi hiyo haikuanzia jukwaani, ilianzia uani, kwa akina mama waliokuwa wakiaminiana tangu zamani.

Baada ya uhuru wa 1961 akawa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo, na mwaka 1962 mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa na nyumba za kupangisha, hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu katika uongozi wa chama.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1969, alipokamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali. Alikana mashtaka. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe. Alirudi kwenye maisha ya kimya, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa hadharani. Alifariki dunia Novemba 2000. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Leo binti wa Isansa, kule Songwe, au wa Makunduchi, anaweza kugombea jimbo au kuingia bungeni kwa viti maalum. Wazazi wakimuuliza ataanzia wapi, maisha ya Bi Titi yana jibu: aanze na watu wanaomjua na kumwamini. Na wakimuuliza cheo kitadumu hadi lini, jibu limo pia. Cheo ni amana, leo unacho, kesho kimeondoka. Bi Titi alipoteza kiti, akapoteza na uhuru wake, lakini wale akina mama aliowakusanya ndio waliobaki kuwa ushahidi wa kazi yake.