Je, Wajua? Swali la Mwalimu Lililomtoa Mwanasaikolojia Maabara

Je, wajua kwamba mtu aliyeongoza elimu Chuo Kikuu cha Chicago kwa miaka 29 alizaliwa India? Ndiyo, India! Charles Hubbard Judd alizaliwa mjini Bareilly mwaka 1873, wazazi wake wakiwa wamisionari wa Kimarekani. Alipelekwa Marekani akiwa mtoto wa miaka 6 tu.

Ngoja, hapo hatujaanza. Kijana huyo akafunga safari hadi Leipzig, Ujerumani, kusoma kwa Wilhelm Wundt, yule mzee aliyefungua maabara yake ya saikolojia mwaka 1879. Mwaka 1896 Judd alikuwa na shahada ya uzamivu mkononi. Umri wake? Miaka 23! Mwaka uliofuata akatoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha mwalimu wake.

Basi wajua nini kilimvuta kutoka maabara hadi darasani? Swali la mwalimu! Judd alikuwa New York, akiwaeleza walimu kanuni ya Weber: ukibeba kilo 1 ya sukari, ukiongezewa gramu 100 utazihisi, lakini ukibeba gunia la kilo 50, gramu hizo hizo huzijui kama zipo. Mwalimu mmoja mwenye mvi akamkatiza: Profesa, hii itatusaidiaje kufundisha watoto? Miaka mingi baadaye Judd alikiri kwamba swali lile analikumbuka kuliko jibu alilolitoa. Wewe ungemjibu nini?

Sasa linda jicho lako. Akiwa Yale, Judd na wenzake walibandika chembe ya rangi nyeupe kwenye jicho la mtu, mbele kabisa, kisha wakalipiga picha za mfululizo ili kuona linavyotembea! Taarifa ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1905. Usijaribu nyumbani, tafadhali.

Na hili je? Unaposoma mstari huu, jicho lako halitelezi kama unavyodhani. Linaruka, linatua, linaruka tena. Huamini? Mwombe jirani yako asome gazeti, umtazame macho. Mwaka 1922, akiwa Chicago, Judd alitoa pamoja na Guy Buswell utafiti mzima juu ya macho ya wasomaji wa kimyakimya.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha vishale. Judd aliwagawa wavulana wa darasa la 5 na la 6 makundi mawili, wakawa wanalenga shabaha iliyozamishwa majini, kina cha sentimita 30 hivi. Kundi moja lilifundishwa kwanza jinsi mwanga unavyopinda ukiingia majini, lile jingine likaachwa lirushe tu. Matokeo? Sare! Elimu yote ile haikuwasaidia kitu.

Usiondoke, utamu unakuja. Shabaha ikapandishwa hadi sentimita 10 hivi. Wale wa kurusha tu wakachanganyikiwa, mikono yao ikiendelea kulenga kule kwa zamani, huku wenzao walioelewa sababu wakijirekebisha haraka. Taarifa ilichapishwa mwaka 1908. Ukimsikia mzazi anauliza nadharia ni ya nini, mpelekee ndoo ya maji.

Wajua mwaka wa Judd ulikuwa upi? 1909! Mwaka huo huo mmoja alikuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani na akachukua uongozi wa elimu Chicago. Hakubanduka hadi 1938.

Na aliyempokea kijiti alikuwa mwanafunzi wake, Ralph Tyler, aliyepata uzamivu hapo hapo mwaka 1927. Chini ya Tyler akaja kijana aitwaye Benjamin Bloom. Ehee, walimu mmeshtuka! Ni Bloom yuleyule wa ngazi 6, kuanzia maarifa na ufahamu hadi tathmini, anayewakosesha usingizi wanachuo wa ualimu wakiandika malengo kwenye andalio la somo. Kitabu chake cha 1956 kimetabarukiwa kwa nani? Tyler!

Bado hujachoka? Mwaka huo huo wa 1956, UNESCO ilichapisha kitabu cha William S. Gray kuhusu kufundisha kusoma na kuandika duniani kote. Gray naye alipata uzamivu wake Chicago, mwaka 1916, enzi za Judd. Kitabu hicho kilisukuma mbele wazo la kusoma kwa ajili ya kazi na maisha. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO wa aina hiyo ukaanza Mwanza, na wazee wetu wakauita kisomo chenye manufaa. Bibi yako huenda alijifunza herufi akisoma habari za pamba, ndizi au uvuvi!

La mwisho, kisha nikuachie. John Dewey alianzisha shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, akaondoka mwaka 1904, miaka 5 kabla Judd hajafika. Idara ya elimu aliyoijenga Judd ilifungwa mwaka 2001, ila jengo lenye jina lake bado limesimama. Wajua linatumiwa na nani? Na shule ya Dewey!