Huduma ya Dharura kwa Mgonjwa wa Akili Vijijini: Tukizitazama Nyanda za Juu za Kigoma

Mtu anapochanganyikiwa ghafla usiku katika kijiji kama Kitanga, wa kwanza kuitwa si tabibu. Huitwa jirani mwenye nguvu, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha mganga. Na mara nyingi, kabla ya mapambazuko, huitwa mwinjilisti au mchungaji. Makala hii inakusudia kueleza yanayotendeka katika saa hizo, na kwa nini mtumishi wa Kanisa hana budi kuyaelewa kabla hajabishiwa hodi.

Tuanze na umbali. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Kutoka Kigoma mjini hadi Dodoma kwa reli ni karibu kilomita 800, na mtu wa Kasulu au Kibondo sharti kwanza aifikie reli hiyo. Sisi Walutheri huitaja kwa fahari Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali palipoanzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Fahari hiyo ni ya haki. Lakini Lutindi haiwezi kumfikia kijana wa Kibondo aliyeshika panga saa nane ya usiku. Msaada wake utatoka zahanati ya kijiji, hospitali ya wilaya, hospitali ya Kabanga ya Wakatoliki, ya Heri ya Waadventista, au Maweni mjini Kigoma. Katika miaka ya 1980 Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuingiza tiba ya akili katika kazi za kawaida za zahanati na vituo vya afya. Nadhani njia hiyo ndiyo sahihi, mradi dawa zipatikane na watumishi wafundishwe.

Neno la pili ni zito zaidi: si kila achanganyikiwaye ana ugonjwa wa akili. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa sukari mwilini, kichwa kilichoumia, pombe iliyoachwa ghafla baada ya miaka ya kunywa, saa zinazofuata kifafa: haya yote humfanya mtu aone yasiyoonekana na kupigana na nduguze. Kasulu na Kibondo zimejulikana tangu enzi ya ukoloni kuwa nchi ya mbung'o na malale, na malale yafikapo ubongoni hugeuza tabia: mtu husinzia mchana, hukesha usiku, huwa mkali au mwenye kupuuza mambo. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, naye akaanza kusema kwamba mtoto si wake, ni mgonjwa wa dharura; mtoto asiachwe peke yake naye. Kwa hiyo ugonjwa uliokuja kwa siku moja au mbili, ukiwa na homa, shingo kukakamaa au usingizi mzito, usingojee mkesha wa maombi. Tuombe njiani tukienda hospitali. Na mgonjwa wa namna hiyo asifungishwe chakula wala maji kwa jina la mfungo, kwa maana mwili wake tayari umeishiwa.

Je, mtu mkali ashikweje? Watu wengi waondoke, hasa wale wanaocheka. Silaha, michi na mafuta ya taa vitolewe ndani. Mmoja tu aseme, tena kwa sauti ya chini, akisimama kando wala si uso kwa uso, naye asiuzibe mlango. Asibishane na anayoyasikia mgonjwa, wala asijifanye kuyasikia yeye pia. Ikilazimu kumshika, asilazwe kifudifudi huku wanaume wakimkalia mgongoni: wapo wanaokufa hivyo kwa kukosa pumzi, na watu wakasema pepo amemwua. Alazwe ubavu. Kamba, ikiwa haikuepukika safarini, itazamwe mara kwa mara, vidole visivimbe wala kupoa. Mkatale na minyororo ya majuma ni jambo jingine kabisa. Aliyesoma habari ya Mgerasi katika Marko 5 anajua kwamba minyororo ilikuwa imekwisha jaribiwa na haikumponya.

Zahanati ikiwa na haloperidoli au diazepamu, sindano yaweza kumtuliza. Hapa pana jambo ambalo kila mchungaji anapaswa kulijua. Baada ya haloperidoli, watu wengine, hasa vijana, hupinda shingo, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka. Jamaa huona hapo ushahidi wa pepo, nao huikataa dawa milele. Kumbe ni madhara ya dawa yenyewe, nayo yana tiba yake. Mgonjwa arudishwe kwa tabibu siku iyo hiyo.

Kuhusu aliyejaribu kujiua, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kimelihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Hofu ya polisi, pamoja na aibu ya usharika, hufanya jamaa wamfiche aliyekunywa sumu ya mimea hadi saa za kuokolewa zimepita. Nchini Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba. Huko Sri Lanka, kuondoa sokoni sumu kali za kilimo kulifuatwa na kupungua sana kwa vifo vya kujiua. Mzee wa kanisa anayeuza sumu hizo dukani angefaa ajue hilo.

Na lugha? Mgonjwa husema Kiha, naye tabibu huenda ametoka mkoa mwingine. Mchungaji akitakiwa kutafsiri, ayatoe maneno yalivyosemwa, yakiwa machafu au ya kukufuru, bila kuyasafisha. Katika maneno hayo ndimo tabibu hutafutia ugonjwa. Aandike pia katika karatasi: ulianza lini, kama kulikuwa na homa, alikula lini mara ya mwisho, amepewa dawa gani za kienyeji au za dukani, na kama ana kifafa. Karatasi hiyo isafiri pamoja na mgonjwa, mkononi mwa ndugu atakayebaki naye wodini.