Mlonge Katika Ua wa Nyumba

Imepokewa kwa Anas bin Malik (Mwenyezi Mungu amwie radhi) kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kuwa Muislamu apandapo mti, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Wameipokea Bukhari na Muslim. Wengi wetu tukiisikia Hadithi hii huidhania ni ya wenye mashamba, siyo ya sisi tukaao Kariakoo, ambako ua mmoja una majiko sita na kamba za nguo. Lakini uko mti usiodai nafasi kubwa, nao ni mlonge, ambao wengine huuita mzunze.

Asili yake ni kaskazini ya Bara Hindi. Majani yake hupikwa kama mchicha, na maganda machanga Wahindi huyatia katika mchuzi. Ndugu yake huota katika milima ya Oman. Waarabu huuita bani, na mafuta ya mbegu zake yalifanyiwa manukato tangu zamani.

Njia za kuupanda ni mbili. Mbegu huzikwa kina cha sentimita 2, pale pale mti utakaposimama, kwani mzizi wake wa kati huzama upesi nao haupendi kuhamishwa. Huchomoza kwa wiki moja au mbili. Njia ya pili ni tawi lililokomaa, la urefu wa mita 1, theluthi yake ikafukiwa mwanzo wa masika. Mti wa tawi hukua upesi zaidi, lakini mizizi yake haiendi chini sana na upepo huweza kuuangusha. Kwa hiyo penye kuta zilizobanana naona mbegu ni bora. Mchanga wetu waufaa, ila usiupande pale yamwagwapo maji ya kuoshea vyombo, maana maji yakituama mizizi huoza. Ufikapo kifuani mwa mtu mzima, kateni kilele, utoe matawi ya pembeni; ukiachwa huenda juu kama mlingoti. Akaaye ghorofani na aupande katika pipa lililotobolewa chini.

Yako mambo mawili ya sheria yetu ambayo watu huyapuuza. Ardhi ya ua ni ya mwenye nyumba. Mpangaji haimhalalikii kupanda mti bila ya idhini yake, hata akiwa na nia njema, kwani kutumia mali ya mtu pasi na ridhaa yake ni ghasbu. Na wapatane mapema mti utakuwa wa nani siku mpangaji akihama. Pili, matawi ya mlonge ni mepesi kuvunjika. Yakipita juu ya ukuta wa jirani, ana haki ya kudai yaondolewe, na ni juu yako kuyakata. Wala usimwambie kuwa anazuia sadaka.

Ama unga uuzwao katika pakiti, husifiwa kuwa huponya maradhi mia tatu. Majani ni chakula chema, yana protini na vitamini A, na hilo latosha kuushukuru mti. Lakini mwenye kisukari asiache dawa za hospitali kwa ajili yake. Majani huweza kushusha sukari, basi na amwarifu daktari wake. Mizizi na magome yana sumu, na mama mjamzito asipewe kabisa. Na akitokea mwuzaji kusema kuwa ni dawa iliyoamrishwa na Mtume (S.A.W.), muulizeni Hadithi hiyo imo katika kitabu gani, na ameipokea nani.